Siku Seva ya Kidodi Ilipohamisha Muda

Ninyi mnaokalia kiti changu pale ofisi ya kutunza seva Mikumi, najua mnaniita Bibi Seva. Binti yangu ndiye aliyeniambia, na sikukasirika sana. Nilikasirika kidogo. Juzi mmoja wenu kanipigia simu, kaniamkia vizuri, halafu kaniuliza kwa nini kwenye mashine ya Kidodi kuna maelekezo ya ajabu: seva ikishajisafisha ijipime tena, na ikiona mzigo wake haujapungua iwapigie kelele watu wote wa ofisi. Aliona ni kazi ya bure, akataka ruhusa ya kuyafuta. Nikamwambia asiguse kitu, nitaandika sababu. Basi naandika, na mtanivumilia, maana mstaafu akishaanza kueleza hakuna wa kumkumbusha kwamba kikao kimekwisha.

Maelekezo hayo yapo pale kwa ajili ya miwa ya Bi Zena.

Bi Zena alikuwa mkulima wa Kidodi, mama mtu mzima, mwenye shamba lisilo kubwa ambalo ndilo lililokuwa mwaka wake wote. Kwa wale ambao hamkukulia huku, miwa huchomwa moto kwanza ili majani yaungue na nyoka wakimbie, ndipo wakataji waingie. Ukishachoma, huna tena nafasi ya kusubiri. Miwa iliyoungua ikikaa inapungua sukari, inaanza kuchacha, na kiwandani wanaikataa. Ndiyo maana chama cha wakulima kilipanga zamu za kupeleka mzigo kwa kufuata nani alichoma mapema. Wenyewe waliita muda wa moto. Ukichoma unapiga simu kwenye mizani ya kupimia malori, karani anaandika muda wako wa moto, na hapo ndipo zamu yako inapotoka. Lishikeni hilo neno muda, kwa sababu ndilo lililotuponza.

Lakini kabla sijawafikisha Kidodi, niwaeleze kazi yenyewe tulivyoikuta.

Aliyenifundisha alikuwa Bwana Yoramu, Mkaguru wa milimani, mtu wa shule za misheni, mwandiko wake ukiuona unadhani umechapwa. Alikuwa na maneno machache na karibu yote yalikuwa ya kugomba. Siku ya kwanza aliniambia diski ni ghala. Ukingoja lijae ndipo uanze kuhangaika, umeshachelewa, kwa sababu seva iliyojaa haiandiki tena kitu chochote, hata malalamiko yake yenyewe. Kwa hiyo unaiwekea alama. Ikifika asilimia themanini itume meseji. Ikifika tisini isingoje mtu, ifanye kitendo ulichoielekeza. Mimi nikaona ni jambo la asubuhi moja, nikaweka alama zangu, nikarudi nyumbani Kilosa kwa mapumziko ya mwisho wa wiki.

Jumapili niko kanisani. Simu nimeizima sauti kama mtu mwenye adabu, lakini nimeiacha itetemeke, na nimeiweka juu ya benchi la mbao. Ikatetemeka. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena. Benchi zima likawa linanguruma, mama aliyekaa mwisho akaanza kujitazama chini. Kasisi akasimamisha mahubiri akasema kwa upole kwamba kama kuna mtu anatafutwa na serikali, aende tu, tutamwombea. Bwana Yoramu alikuwa kwenye kwaya, upande wa besi, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka.

Kumbe diski ile ilikuwa inacheza pale pale kwenye alama. Ripoti zikiandikwa inagusa themanini, zikifutwa inashuka chini kidogo, zikiandikwa inagusa tena, na kila ikigusa inatuma meseji. Jumatatu Bwana Yoramu akanionyesha dawa. Alama ziwe mbili, ya kupandia na ya kushukia. Ikipanda themanini ipige kelele mara moja, halafu ifunge mdomo mpaka ishuke sabini. Hapo ndipo inaruhusiwa kulalamika upya. Siku hizi programu zenu zina sehemu ya kuweka hilo tayari, mnajaza namba mbili basi. Sisi tuliandika wenyewe, na ninyi msiache ile namba ya pili wazi kwa sababu mko haraka ya kwenda chai.

Kulikuwa pia na sekondari moja pale Kilosa, mwalimu wao wa kompyuta alinipigia akiapa kwamba seva yao ina jini. Diski haijafika hata nusu, lakini ukitaka kuhifadhi faili inakuambia hakuna nafasi. Nilikwenda, nikakuta folda yenye vifaili vidogo vidogo visivyohesabika ambavyo programu ya maktaba ilikuwa inavitema kila ikiwashwa. Kila faili hupewa namba yake, hata kama ndani ina herufi moja, na namba hizo huweza kwisha wakati nafasi bado ipo. Kwa hiyo mkiweka ufuatiliaji pimeni vyote viwili, nafasi na namba. Mwalimu yule hakuniamini hadi nilipofagia. Nadhani mpaka leo anaamini nilimtoa jini.

Sasa kile kitendo cha asilimia tisini. Watu wengi huandika: futa. Mimi pia niliandika futa, na Bwana Yoramu akalikata neno lile mbele yangu kwa kalamu nyekundu, kwenye karatasi, kama mwalimu.

"Binti, mashine usiipe panga. Ipe toroli."

"Toroli la nini, mzee?"

"Ihamishe. Ipeleke vitu mahali vikangoje. Asipotokea mwenyewe kwa wiki mbili, ndipo utupe."

Niliona anaogopa mambo ya kisasa. Lakini alikuwa mkubwa wangu, nikaandika alivyotaka. Kwa kuwa kuhamisha kitu ndani ya diski ile ile hakupunguzi chochote, tulitenga nafasi kwenye diski kubwa ya Mikumi na kuiunganisha kwa mtandao na seva za nje. Kwenye seva ya Kidodi, ile ya mizani ya wakulima, tukaweka folda tupu iitwayo NGOJA. Mtandao ukiwepo, diski ya Mikumi inapachikwa juu ya folda hiyo, na chochote unachotia ndani ya NGOJA kinatua Mikumi. Mpaka hapo mko nami? Haya.

Ukaja mwaka wa kutafsiri kila kitu. Wale waliotuuzia programu ya mizani waliiweka kwa Kiswahili chote, jambo zuri kabisa, mimi mwenyewe nilipiga makofi. Folda ya vitu vya muda mfupi, zile takataka ambazo programu huziandika na kuzisahau, wakaiita MUDA. Kwa maana ya vitu vya muda. Mimi nilipoona MUDA nikasoma hivyo hivyo, nikaielekeza seva: ukifika tisini, beba vyote vya MUDA upeleke NGOJA.

Karani wa mizani alikuwa msichana mmoja aitwaye Mwanahawa, mwepesi wa kazi, mwenye kumbukumbu ya sura za watu wote na matrekta yao. Naye akaona folda imeandikwa MUDA. Na kazi yake ni nini? Kuandika muda wa moto. Nilipomwuliza baadaye kwa nini alitunza kumbukumbu zake humo, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ametia chumvi kwenye kopo lililoandikwa chumvi. Hata leo msinitafutie mkosaji hapo, kosa lilikuwa la neno.

Msimu wa kwanza haukuleta shida kwa sababu diski haikukaribia tisini. Kisha wakafunga kamera pale mizani, ya kupiga picha kila lori na kila trekta linalopanda. Kamera ilikuwa na bidii kuliko sisi sote, na picha zake za kujaribia zilikuwa zinamiminika ndani ya MUDA.

Siku yenyewe nilikuwa ofisini Mikumi, asubuhi, nakunywa chai. Mwanahawa akapiga.

"Dada Loyce, shikamoo."

"Marahaba. Habari za Kidodi?"

"Dada, muda haupo."

Nikadhani ana haraka. "Basi sema kwa kifupi."

"Sio hivyo, dada. Muda haupo kabisa. Wote umeondoka."

"Kwani zamu yako imekwisha?"

"Muda wa moto, dada! Folda ya muda iko tupu! Na watu wamejaa hapa mizani wanataka kupigana, na kesho kiwanda kinafungwa matengenezo!"

Chai niliiacha. Tukachukua gari la ofisi, na barabara ya kwenda Kidodi msimu wa miwa mnaijua, mbele yenu kuna trekta lenye matela mawili na halina wasiwasi wowote. Njia nzima nilikuwa nahesabu wenye shida. Kiwanda kikifungwa kesho, atakayeingia leo ameokoka, atakayesukumwa nyuma miwa yake itachachia shambani. Na hakuna tena aliyejua nani wa leo na nani wa nyuma.

Tulipofika, kelele ilisikika kabla hatujashuka. Mkulima mmoja mwenye malori yake mwenyewe alikuwa amesimama katikati akisema yeye alichoma jana kabla ya adhana ya alfajiri. Wengine watano wakasema na wao kabla ya adhana. Mwingine akasema yeye alichoma juzi, na jirani yake akamwuliza kama juzi hakuwa msibani. Bi Zena hakuwa anapiga kelele. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji kando ya mizani, kanga ameifunga kiunoni, masizi ya shamba bado yako mikononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwenye kompyuta?"

"Ndiye mimi."

"Mimi nilipiga simu palepale, moto bado unawaka. Huyu mtoto akaandika, nilimsikia anabonyeza. Sasa wananiambia haimo." Alinyoosha mkono kuelekea shambani kwake. "Imeshakatwa yote, mwanangu. Imelala chini. Ikirudishwa nyuma leo, mimi sina msimu."

Nikaingia ndani.

Nilikuwa na tumaini moja. Seva ilikuwa imeandika wazi kwamba alfajiri ile ilifika tisini ikabeba vyote vya MUDA na kuvipeleka NGOJA. Toroli la Bwana Yoramu. Nikasema alhamdulillahi, mimi Mwanglikana, kwa furaha. Nikafungua NGOJA. Ndani kulikuwa na vitu vilivyoletwa na seva nyingine tu. Vya alfajiri ile havikuwemo. Nikatazama Mikumi kwenye diski yenyewe, hamna. Nikarudi MUDA, hamna. Mwanahawa alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia pumzi yake.

Nikampigia Bwana Yoramu. Alikuwa ameshastaafu, yuko Kilosa anamwagilia mchicha wake. Nikamweleza mbio mbio, nikamwambia nashusha programu ya kufufua faili zilizofutwa.

"Unaishusha wapi?"

"Hapa hapa kwenye seva, mzee."

"Juu ya hicho unachotaka kukifufua?"

Mkono wangu ukatoka kwenye kibonyezo kana kwamba kina moto. Ilikuwa kweli. Kitu kilichofutwa kinabaki kwenye diski mpaka kingine kiandikwe juu yake, na mimi nilikuwa naenda kukiandikia juu.

"Usiguse kitu," akasema. "Nisomee kwanza asilimia ya diski."

"Tisini na moja."

Nikaisoma tena kwa sauti. Tisini na moja.

"Mbona unairudia? Binti? Upo?"

"Mzee, haijashuka."

"Haijashuka nini?"

"Nafasi. Imebeba picha zote zile za kamera, rundo zima, na nafasi haijashuka hata kidogo. Zingekuwa zimetoka ingeshuka. Zimo humu humu ndani."

Nikasikia maji ya mchicha yanamwagika bila kusimamiwa. "Mtandao ulikuwepo alfajiri?" akauliza.

Mwanahawa, sauti ya simu ikimfikia, akajibu kabla yangu, kwamba alfajiri mnara ulikuwa hauna umeme, mtandao umerudi jua limeshatoka.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kazi. Mtandao ulipokatika, diski ya Mikumi ilibanduka kutoka kwenye NGOJA. Lakini folda yenyewe ilibaki pale, tupu, kwenye diski ya Kidodi. Seva, kwa maelekezo niliyoiandikia, haikuuliza kama kuna kitu kimepachikwa. Iliona folda yenye jina sahihi ikamwaga vitu vyote humo. Baadaye mtandao ukarudi, diski ya Mikumi ikapachikwa upya juu yake. Ni kama mtu amemwaga njugu sakafuni halafu mwenziwe akaja akatandika mkeka. Mimi nilikuwa natazama mkeka.

Nikaibandua diski ya Mikumi kwa mkono. Nikafungua NGOJA tena, taratibu, siwezi kueleza kwa nini taratibu, pengine niliogopa kuishtua. Picha za kamera zikajipanga kwenye kioo, malori na matrekta hayana mwisho, na katikati yake, mafaili ya Mwanahawa, kila mkulima na jina lake.

Mwanahawa alipiga kigelegele ambacho huko nje walidhani kumetokea harusi. Mimi nilikaa tu. Nikawa nacheka na machozi yanatoka, na simu iko mezani Bwana Yoramu anaita binti, binti, kuna nini huko. Nimewahi kufurahi siku nyingi katika kazi hii, lakini ile raha ya kukuta kitu cha mtu hakijapotea sijaipata tena mahali pengine. Nilinakili mafaili yale mara mbili kabla ya kusimama.

Wiki ile ndipo nilipoandika hayo maelekezo mnayoyaona. La kwanza, kabla ya kuhamisha chochote, seva ihakikishe kwamba diski ya Mikumi imepachikwa kweli, na kama haijapachikwa isihamishe, iite mtu. La pili, ikishahamisha ijipime, na kama asilimia haikushuka ijue kazi haikufanyika, hata kama imeandika kwamba imefanyika. Hilo ndilo mlilotaka kufuta. La tatu, folda ya MUDA ikabadilishwa jina ikawa YA_KUTUPWA, na Mwanahawa alipoiona akasema hapo hata mwizi hataweka kitu. Siku hizi mna vioo vyenye rangi, kijani ikiwa salama na nyekundu ikiwa hatari, na napenda kuvitazama ninapopita kusalimia. Ila nendeni Kidodi mkaulize makarani wanaziitaje folda zao kabla hamjaipa seva kazi ya kuzisafisha. Nenda mwenyewe, usitume meseji.

Lakini nimewaruka watu wa mizani, na bado walikuwa juani.

Mwanahawa alisimama dirishani akasoma majina kwa sauti, kila jina na muda wake wa moto. Kelele zilipungua jina kwa jina. Ikawa yule mwenye malori yake kweli alichoma kabla ya wote, hakuwa mwongo, na anayemfuata akawa Bi Zena. Wale waliodai juzi walianza kutazama simu zao. Hakuna aliyebisha, kwa sababu kila mmoja alikumbuka kwamba alipopiga simu aliyepokea ni huyu huyu binti na sauti yake hii hii.

Malori ya yule bwana yakapanda mizani, yakashuka. Kisha trekta la miwa ya Bi Zena likaja polepole, matela yamejaa mpaka miwa inaburuza pembeni, likapanda. Yeye alikuwa amesimama karibu na tairi, mkono ameuweka juu ya tela, akienda nalo hatua kwa hatua. Dereva alipopewa ishara ya kwenda kiwandani, Bi Zena aligeuka akaja hadi dirishani kwetu.

"Mwanangu, kwani huo muda wangu ulikuwa umekwenda wapi?"

"Haukwenda mahali, mama. Ulikuwa humu humu, umefunikwa tu."

Alinitazama, akatazama kompyuta, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili yenye masizi. Halafu akakimbia, mama mtu mzima yule, akikimbilia trekta lake lisimwache.